Pito Lililomchukua Kaka

Jumatatu, 10 Machi

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Mlima umeshuka tena — pito la juu limeziba. Basi la asubuhi limenaswa katikati, kifusi mbele, kifusi nyuma. Kondakta alipiga simu: wote wazima, kuna wazee na watoto wachanga, chakula hakuna. Simu ikakatika.

Nikamwambia msimamizi naenda kufungua njia. Akasema dereva wa tingatinga anatumwa kutoka makao makuu. Dereva! Kwani mimi ni mpishi? Akashusha sauti: kaka yako alifia pale juu mwaka jana, siwezi kurudi kwa mama yenu na habari zilezile. Nikamjibu tuliajiriwa madereva wawili, mimi na kaka. Aliyekufa ni mmoja.

Jumanne, 11 Machi

Huyo dereva hajafika. Barabara ya chini nayo imejaa maji. Kipara, fundi wetu, katia dizeli kwenye tingatinga bila kuulizwa. Kanitupia jicho tu, akaenda zake kunawa mikono.

Nyumbani moto unawaka. Mjomba kaitwa anikanye. Eti mlima ule umeshaizoea familia yetu. Nikamwambia mlima haumjui mtu, mjomba. Una mawe na maji. Kaka aliamriwa apande wakati udongo bado unatembea, akatii. Mimi nitangoja utulie, nianze kula kifusi kutoka pembeni. Mjomba akaguna. Mama akanyanyuka mezani na sahani yake imejaa.

Vile vilele vitatu naviona hapa dirishani, cha kati kimekatika ncha. Nilivipenda kabla sijajua kusoma. Leo niambiwe niviogope? Siviogopi.

Uongo. Naogopa. Na nitakwenda.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imepungua. Tangu alfajiri sijasikia jiwe likianguka. Msimamizi kajisimamisha getini, mikono kiunoni. Kasema nikitoka na tingatinga nimejifukuza kazi. Nikamwambia afungue geti kwanza, barua ya kunifukuza ataandika nikiwa njiani. Katazama chini. Kafungua. Nadhani alitaka alazimishwe.

Baadaye — chini ya pito

Ukungu. Nimezima injini.

Mama yuko humu ndani. Nilimkuta kasimama katikati ya barabara pale nyumba zinapoishia, mtandio umelowa chapachapa. Nikajua kaja kunizuia. Nikasimama. Akapanda, akakaa juu ya sanduku la spana, uso mbele.

Nikamwambia ashuke.

"Kaka yako nililetewa habari," akasema. "Yako nitajionea mwenyewe."

"Mama, ni hatari huku."

"Kwani nimekuja kutembea? Endesha."

Sasa kauliza kama ni hapa. Nimesema ni hapa. Kafuta kioo kwa kiganja, katazama ule ukuta wa udongo muda mrefu. Hakulia. Mimi ndiye niliyegeuka pembeni.

Ng'ambo ya kifusi basi linapiga honi. Ndefu, ya kukata tamaa. Wametusikia tukipanda, bila shaka, na sasa hawatusikii.

Ukungu unaachia upande wa kulia. Naona pa kuanzia. Lakini kokoto zinateremka bado, kidogo kidogo, zinagonga bati juu yetu.

Honi tena. Mama kashika chuma kwa mikono miwili. "Washa," anasema. "Watu wanakufa njaa. Washa, mwanangu."

Nimemwambia bado. Dereva ni mimi.