Maelezo ya Elisifa Munuo Kuhusu Ufunguo wa Kijiko

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Mtaa wa Kisimani, Majengo, Moshi
Tarehe: 28/07/2025. Muda wa kuanza: saa 3:10 asubuhi

Jina: Elisifa Anaeli Munuo
Umri: Miaka 51
Kabila: Mchaga. Dini: Mkristo (KKKT)
Kazi: Mfanyabiashara wa maziwa
Makazi: Mtaa wa Kisimani, Majengo. Asili ni Masama, Wilaya ya Hai

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Jesse Kweka, fundi wa kuchomelea, ambaye mmemweka ndani tangu Alhamisi tarehe 24 kwa madai kwamba aliiba ufunguo wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia ya mkandarasi, na kuzuia kazi ya barabara. Nasema kwa hiari yangu na akili zangu ni timamu. Naomba afande aandike namba kama ninavyozitaja, maana namba za mradi huu zimeshachezewa vya kutosha.

Mtaa wa Kisimani niliingia mwaka 1998 na ndoo mbili za lita tano. Nilikuwa nazibeba kichwani kutoka kwetu Masama hadi barabarani, nadandia gari, nauza kikombe kwa kikombe. Leo nina tangi la kupozea la lita 600, gari dogo moja aina ya kirikuu, na wafugaji 31 wa Masama wanaonitegemea. Sikurithi kitu. Naeleza hivi ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kuamka asubuhi kutafuta ugomvi na mashine.

Mnamo tarehe 4 Machi 2024 mkandarasi alianza kuchimba mtaa wetu kwa ajili ya barabara ya mabasi ya kwenda kituo kipya. Bango lilisema kipande cha kwanza ni mita 340, muda miezi minane. Hizo ni siku 240. Hakuna aliyepinga. Mimi nilivunja ngazi za duka langu wiki mbili kabla ya kuambiwa, ili kuwapisha. Barabara niliitaka, na kila mtu pale aliitaka. Hadi siku ya tukio, tarehe 24 Julai 2025, zilikuwa zimefika siku 507. Kilichopo ni mtaro wa kina cha mita mbili na robo. Nimeupima mwenyewe kwa futi ya fundi. Kalavati hakuna, lami hakuna. Mwezi wa Desemba walikuja watu wawili na kopo la rangi nyeupe, wakapaka pale kwenye bango palipokuwa na tarehe ya kumaliza, wakaondoka. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowaona wakiimaliza kwa siku moja.

Maziwa hayangoji mtu. Yakikamuliwa saa kumi na moja alfajiri, yanatakiwa yawe kwenye baridi kabla ya saa moja na nusu. Tangu mtaro uchimbwe, kirikuu changu kinaishia mita 180 kutoka dukani. Kutoka hapo ni keni 14 za lita 40, kila keni watu wawili, juu ya ubao. Siku moja ya masika ubao ulisombwa na maji, na hadi tunapata mwingine lita 240 zilikuwa zimeganda. Nilizimwaga mtaroni mbele ya msimamizi wao. Akaniambia pole mama, maendeleo yana gharama zake. Nikamuuliza yeye amechangia kiasi gani.

Mnamo tarehe 19 Juni 2025, saa 1:20 jioni, jirani yangu Mama Tabitha, mwenye umri wa miaka 68, alikuwa anarudi kutoka kwenye ibada ya jumuiya. Ubao uligeuka, akaanguka mtaroni, akavunjika nyonga. Tulichukua dakika 45 kumtoa. Aliyeshuka kumfuata kwa ngazi yake mwenyewe ni Jesse. Naomba hilo nalo liandikwe.

Kesho yake nilikuja hapa kuripoti. Niliambiwa hilo ni la ofisi ya mradi. Ofisi ya mradi wakasema ni la mkandarasi. Basi wakazi tukaziba njia kwa mawe, tukasema jambo moja tu: mmalize hiki kipande ndipo mfungue kingine. Kipande cha pili kina nyumba 23 ambazo zimeshapigwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Kwa siku 22 gari la mkandarasi halikuingia.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Julai, saa 4:00 asubuhi, Ronald, ambaye ni afisa jamii wa mradi, aliitisha mkutano mbele ya ofisi ya mtaa. Ronald ni mtu wa makamo, mzaliwa wa huku huku mlimani. Alikuja na jani la isale.

Afande amesema yeye si mtu wa huku, kwa hiyo naeleza. Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, hukatai, hata kama alimwaga damu ya kwenu. Ukikataa, kosa linahama kwake linakuja kwako. Ukishapokea, jambo hilo hulitaji tena. Na aliyeleta naye amejifunga, harudii. Sisi tuna wachungaji, tuna mahakama, lakini isale halijapata kukatwa rufaa.

Ronald alipiga goti mbele ya Mzee Filemon, mume wa Mama Tabitha, akalishika lile jani kwa mikono miwili. Akasema, "Shikamoo baba. Tumekosa. Tunaomba utusamehe kwa ajili ya mama."

Mzee Filemon ana miaka 74. Alilipokea lile jani, akasema, "Marahaba. Nimepokea." Kisha akaketi.

Jirani yangu Bi Mwanaidi Mshana, anayeuza vitumbua, yeye ni Mpare. Aliuliza kwa sauti kama hilo jani limeandikwa tarehe ya kumaliza barabara. Watu wakacheka. Akaendelea, "Nyie Wachaga, pamoja na ujanja wenu wote wa biashara, kumbe bei yenu ni jani."

Huo ni utani wetu wa siku zote. Lakini mimi ndiye niliyesimama nikamnyamazisha. Nilisema isale halifanyiwi mzaha, na kwamba kwa kuwa limepokelewa, mawe yaondoke. Jiwe la kwanza niliondoa mimi, watu wakapiga makofi. Halafu ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, tukasaini watu 61. Jesse hakusaini. Alipofikiwa alisema, "Nimekuja kusamehe. Msamaha hauna mahudhurio." Nilimwona Ronald akiandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nilimwambia Jesse aache ubishi.

Jumatatu tarehe 21 Julai ilibandikwa karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Juu kulikuwa na picha ya Mzee Filemon ameshika jani. Chini yake yaliandikwa maneno kwamba wananchi wameridhia kuanza kwa kipande cha pili. Nyuma zimeambatishwa saini 61. Yangu ni ya tatu kutoka juu. Tulisamehe nyonga, wao wakaandika kwamba tumetoa nyumba.

Siku hiyohiyo saa 8:00 mchana nilimfuata Ronald. Nilimuuliza kama mama yake mzazi anajua alichokifanyia isale. Hakuona haya. Akaniambia, "Mama Hellen, mimi nimeandika kilichotokea. Mlipokea, mkapiga makofi, mkasaini." Ningekuwa nazungumza na mgeni ningesema hajui. Huyu alijua. Alijua hatuwezi kukataa, na ndiyo sababu aliacha karatasi zote ofisini akaja na jani.

Mnamo Alhamisi tarehe 24 Julai 2025, saa 12:40 asubuhi, nilikuwa nashusha keni ya tisa kutoka kwenye kirikuu. Kijiko kikapita nyuma yangu kikaingia kipande cha pili. Kilianza na baraza la Bi Mwanaidi. Yeye alikuwa ameketi palepale, karai la mafuta liko jikoni, hakusimama. Kijiko kiling'oa ngazi mbili za baraza na vitumbua vikamwagika kwenye vumbi. Bado hakusimama.

Nilikwenda mbele ya kijiko nikampungia mkono dereva azime. Dereva anaitwa Isack, ni mtu wa Himo. Alizima. Aliniambia kwa adabu, "Mama, mimi nimeambiwa mmekubali. Hata picha nimeonyeshwa." Nikamwambia ampigie bosi wake simu amuulize nyonga moja ya mwanamke ni sawa na mita ngapi za barabara. Alishuka, akaenda kando ya ukuta kupiga simu. Mlango wa kijiko aliuacha wazi.

Hapa naomba afande aandike polepole. Nilipanda mimi. Ngazi za kijiko ni tatu. Nilichomoa ufunguo, nikashuka, nikaudumbukiza kwenye keni ya tisa, nikafunga kifuniko, tukaibeba mimi na mwanamke anayenisaidia hadi dukani. Yeye hakuona kitu. Maziwa ya keni ile sikuyauza.

Wakati huo Jesse alikuwa ndani ya karakana yake, hatua 30 ng'ambo ya barabara, anachomelea geti, kinyago kiko usoni. Alitoka aliposikia Isack anapiga kelele kwamba ufunguo haupo. Saa 1:05 Ronald alifika kwa bodaboda. Hakuuliza aliyeona. Alimnyooshea Jesse kidole, akasema huyu ndiye aliyegoma kusaini. Askari walipofika walipekua karakana, wakapata funguo chakavu 11, hakuna hata mmoja wa kijiko. Wakamchukua.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka pale na nilinyamaza. Nilipiga hesabu. Nikiingia ndani mimi, wafugaji 31 watamwaga maziwa. Jesse hana kosa, jioni watamwachia. Nimepiga hesabu maisha yangu yote na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Ijumaa nilimletea mtori wa ndizi hapa kituoni. Jumamosi nikaleta. Jumapili nikaleta. Alikula, akanishukuru, hakuniuliza kitu. Nadhani anajua.

Jana saa 7:30 mchana mkewe, Goodness, alinikuta hapo nje ya geti nimeshika hotipoti. Alinisalimia vizuri tu. Kisha akasema, "Shangazi, hivi huyo aliyechukua ufunguo, yeye anakula?" Nilimpa hotipoti nikaondoka.

Nimesikia mkandarasi anadai hasara kwa kuwa kijiko kimesimama siku nne. Siku nne za kijiko zimefunguliwa faili, zikaleta gari na pingu. Siku 507 za mtaro hazina faili. Nyonga ya Mama Tabitha haina faili. Amelala chali hadi leo, na mumewe amekatazwa na mila yake kulalamika, kwa sababu alisamehe. Mimi sikukatazwa. Nilichosamehe ni kuanguka kwa mama, na hicho sikirudii. Kutumia msamaha ule kubomolea watu sikusamehe na sitasamehe, hata waje na kihamba kizima cha masale.

Ufunguo ni huu, nauweka mezani. Leo alfajiri nimemkabidhi binti yangu Hellen kipimo cha maziwa na orodha ya wafugaji, na nimewapigia simu wote 31. Nimekuja na dawa zangu za presha za wiki mbili. Mwachieni Jesse. Mashtaka yakiandikwa, liandikwe jina langu, na iandikwe pia kijiko kilikuwa kinabomoa baraza la nani, kwa ruhusa gani. Nataka Ronald aisome ile karatasi yake mbele ya hakimu, na Mzee Filemon awe ameketi pale anamtazama.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ndiyo niliyoyafanya. Nimesomewa, yako sawa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: E. A. Munuo

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi WP Koplo Violet nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyosemwa na kumsomea shahidi. Nimepokea mezani ufunguo mmoja, nimeuandikisha kama kielelezo. Kwa kuwa shahidi ametaja kosa lake mwenyewe, nilimsimamisha mara mbili na kumweleza kwamba anaweza kunyamaza au kutafuta wakili. Mara zote mbili alisema niendelee kuandika. Nimefunga maelezo haya ya ushahidi saa 5:20 asubuhi, na sasa nitamwonya na kumwandika upya kama mtuhumiwa.

Ameuliza kama fundi anatoka sasa hivi au hadi nimalize kumwandika yeye. Nimemjibu kwamba uamuzi huo si wangu, ni wa mkuu wa kituo, naye amekwenda mkutanoni ofisi ya mradi. Amevuta kiti karibu na meza, amesema nianze.