Ukuta wa Tecla

Italia, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Chamgei. Natumaini miguu haikusumbui tena. Mimi mzima, bibi ninayemtunza ananiita Kori, jina limemshinda.

Jumapili nilimsukuma na kiti chake mpaka kanisa la kijiji. Lina miaka mia saba! Madirisha membamba, dari la mawe limepinda kama chungu kilichofunikwa, na kila ukuta umechorwa watu. Rangi ilipakwa plasta ikiwa mbichi, ikaingia ndani. Mchoraji aliwaweka majirani zake humo, hata adui yake yuko motoni. Nililia, Baba. Nilimkumbuka Mama akichora kanisa letu kwa udongo na chokaa, akajichora na yeye kati ya wanawake kaburini kwa Yesu. Picha zote alizopigwa ziliungua na nyumba. Uso wake umebaki pale tu.

Shangazi Beldina anasema mnataka kufunika kuta zile kwa vigae. Wewe ndiwe mwenyekiti wa ujenzi, tafadhali. Pakeni chokaa juu, hiyo hutoka. Msiguse ukuta kwa tindo.

Mwanao,
Chepkorir

Roret, 26 Mei 2024

Binti yangu,

Tuko salama, mvua imezidi, chai inachumwa. Barua yako niliipata Machi. Najibu sasa kwa sababu kazi imeisha. Simiti haishiki mpaka ukuta upigwe tindo, na tindo nilishika mimi.

Unamjua yule Petro anayeota moto akimkana Bwana? Mama yako alimpa sura yangu, pengo la jino na yote, mwaka ule nilipomkana mtoto niliyemzaa nje kule Litein. Miaka kumi na tisa nimekusanya sadaka chini yake, watu wakinicheka nyuma ya vitabu vya nyimbo. Nivumilie mpaka lini?

Baba yako

Italia, 20 Juni 2024

Mzee Johana,

Hali yako sikuulizi.

Petro alikuwa kulia. Mama alikuwa kushoto. Si ungepiga uso wako ukaacha wake! Aibu ilikuwa yako, ulijitafutia. Uso ule wa Mama ulikuwa wangu. Usiniandikie.

Chepkorir

Roret, 17 Novemba 2024

Chepkorir mwanangu,

Chamgei. Naomba uwe mzima.

Vigae vya kushoto nimeving'oa. Nimepata fundi wa Fort Ternan anayejua kuchora watu. Anauliza mama yako Tecla alikuwa na sura gani. Nilianza na macho, nikashindwa. Beldina anasema uso ulikuwa mrefu, mimi nakumbuka mviringo. Niandikie hata mistari miwili, mama.

Baba

Roret, 12 Januari 2025

Chepkorir,

Heri ya mwaka. Barua yako haijafika. Fundi alichoka kungoja, akachora mwanamke tu. Leo baada ya ibada Beldina aliniuliza ni nani.

Baba