Mbuzi Mwenye Mstari Mwekundu

Lodwar, Jumanne jioni. Joto la kuchemsha ubongo, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi nimekasirika.

Wiki jana makao makuu Nairobi walituletea bango: "Punguza nyama, ongeza mboga." Lina picha ya mbuzi aliyepigwa mstari mwekundu. Meneja aliniambia nilibandike mlangoni mwa supamaketi, nikabandika. Ndiyo kazi yangu, na maharagwe sina ugomvi nayo.

Leo asubuhi shangazi Akai alishuka kwenye lori kutoka Kataboi na mbuzi wake wa kuuza. Akapitia dukani anisalimie. Hajui kusoma. Aliona mbuzi, akaona mstari mwekundu, akageuka bila hata kuniita.

Kwa mfugaji picha hiyo ina maana moja tu. Karantini. Kuna ugonjwa, hakuna kuuza, hakuna kuchinja. Shangazi akaenda moja kwa moja sokoni kuwaonya wenzake. Kabla ya mchana wengi walikuwa wanarudisha mifugo, na waliobaki walikuwa wanatajiwa bei ya kutupa.

Habari iliponifikia dukani, nilikimbia huko na aproni yangu ya kazi. Nikawaambia mbuzi ni wazima, ni watu wa Nairobi tu wanataka tule nyama kidogo.

Shangazi akanitazama.

"Kidogo kuliko hii tunayokula?"

Ukame ulimmalizia karibu zizi lote. Nyama anaionja akija mgeni, au kukiwa na harusi. Siku nyingine ni chai na ugali, na siku nyingine ni chai tu. Huyo ndiye tunamwambia apunguze! Kwa wanaokula kuku kila siku, sawa, waambieni huko huko kwao.

Nilirudi dukani nikalibandua bango mbele ya wateja. Meneja akasema, "Rudisha hiyo kitu kesho asubuhi, ama uwache aproni hapo kaunta."

Naogopa. Kodi ya nyumba inatoka kwenye hiyo kazi, na hapa mjini nyingine siioni.

Lakini wanunuzi wa mbuzi sokoni walishaondoka, na shangazi hakuuza hata mbuzi mmoja. Amewafunga nje ya chumba changu, nawasikia wakilia.

Sibandiki. Kesho nitasindikiza mbuzi hao sokoni kwanza, halafu niende kazini. Meneja akitaka kunifukuza, anifukuze pale mlangoni, na shangazi awe amesimama kando yangu.