Baba Yako Alipojisahihisha

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mwanangu Maswali,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako. U hali gani huko uliko? Mkeo hajambo? Watoto je, wanakua? Nauliza kwa sababu picha unazotutumia ni za kompyuta yako tu, na hiyo naona inatunzwa vizuri. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unauma upande uleule, cherehani inakata uzi palepale, na baba yako yupo. Nimesema yupo. Habari zake zinakuja.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimefanya makusudi. Karatasi haina kitufe cha kuruka mbele, wala huwezi kuniharakisha nikasikika kama panya aliyebanwa na mlango. Utanisoma kwa mwendo wangu mwenyewe, na ukichoka, pumzika. Nitakusubiri.

Kwanza nikupe haki yako, maana nina ulimi mkali lakini sina ulimi wa uongo. Masomo yenu ya simu, ya hiyo kampuni yako, yameenea. Ukipita mtaani jioni unasikia hesabu kila dirisha. Mlinzi wa ghala anajifunza hesabu za sehemu akiwa getini. Muuguzi wa zahanati anarudia sayansi aliyoikimbia akiwa msichana. Binti wa dobi alivunjika mguu akalala ndani muhula mzima, na aliporudi shuleni alikuwa amewaacha mbali wenzake waliokuwa wakienda kila siku. Hilo umelifanya wewe. Nilimwambia dobi kwamba huyo ni mtoto wetu, na nilijivuna mpaka nikashona kola ya mteja kinyumenyume.

Na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye madirisha yote hayo ilikuwa ya baba yako.

Unakumbuka ulivyoichukua? Ulikuja likizo, ukatwaa chumba changu cha kushonea, ukaziba dirisha kwa mablanketi yangu, ukanikataza kukanyaga cherehani mpaka utakapomaliza. Nikakaa barazani siku zako zote kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Baba yako alikuwa anaoga asubuhi, anavaa shati la kazini na tai, kisha anaingia humo gizani kufundisha ukuta. Nilimuuliza tai ya nini na hakuna atakayemwona. Akasema hawezi kufundisha shingo wazi. Ulicheka. Mimi pia nilicheka, ila mimi ni dada yake, nina ruhusa.

Unajua ile kawaida yake, maana alikufundisha wewe pia darasa la mwisho. Kila akimaliza jambo anauliza, "Tuko pamoja?" halafu ananyamaza. Wote tulidhani ni mazoea tu ya mdomo. Kumbe hapo ndipo anapofanya kazi yake. Akinyamaza anatazama nyuso, na akiona uso mmoja umekunjamana anarudi nyuma kutafuta alipojikwaa. Humo chumbani alikuwa na uso mmoja tu wa kutazama, wa kwako, na wewe ulikuwa unatazama mashine.

Siku ya mwisho gari la kukupeleka uwanja wa ndege lilishafika na dereva anapiga honi. Lilibaki somo la eneo. Baba yako, koo limemkauka na wewe unamhimiza, akasema kwamba mita moja ya mraba ina sentimita za mraba mia moja. Akauliza, "Tuko pamoja?" Akanyamaza. Na wewe, mwenye shahada ya hesabu, hedifoni masikioni, ukamwonyesha kidole gumba.

Mimi mambo ya mraba siyajui, kwangu mraba ni leso. Lakini nilimwona anakimbia na tai yake mpaka kwenye gari. Alishika dirisha akakuambia amekosea, si mia moja, ni elfu kumi, umpe nafasi arudie sentensi hiyo moja tu. Ukamwambia asijali, utarekebisha hukohuko. Akaliachia dirisha.

Hukurekebisha. Sijui ulisahau au uliona ni jambo dogo, na sitaki kuambiwa. Najua tu kwamba wenzako waliotunga maswali walifuata ile sauti, wakaandika mia moja kuwa ndilo jibu. Mtoto akijibu elfu kumi, simu ilimtolea mlio wa kushindwa na kumpiga alama nyekundu.

Muda si mrefu mwalimu mkuu akapokea sanduku la simu za shule. Akamwita baba yako ofisini, akamwambia kwamba hana haja ya kuhangaika tena kufundisha hesabu, kwa kuwa tayari anafundisha. Alilisema hilo kama mtu anayempa zawadi. Alimbakishia kazi ya kuchaji simu na kuzigawa. Mlangoni wakabandika maandishi kwamba yeye ni msimamizi wa vifaa, na ndugu yangu akawa anapita kati ya madawati na nyaya begani kama muuza mikanda.

Watoto ni watoto, na mtoto akipata kitufe atakibonyeza. Waligundua kwamba sauti inaweza kuharakishwa. Wakawa wanamharakisha baba yako mpaka analia ndani ya simu kama kifaranga, naye mwenyewe amesimama hapohapo na nyaya zake. Akipita getini wanamwigiza. Nilitaka kutoka na mkasi. Akanizuia, akasema afadhali hao wanasikiliza.

Somo la eneo lilipokaribia alikupigia mara nyingi, hukushika. Siku ilipofika akaandika ubaoni kwa chaki, akachora mraba wake vizuri, na sauti yake ndani ya simu ilipotamka mia moja akasimama mbele. Akawaambia, "Hapo nimekosea. Nisikilizeni mimi." Msichana mmoja wa dawati la mbele, mtoto mwenye adabu kabisa, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu, unatuchanganya. Mwalimu anaongea."

Alinisimulia haya jioni akivua viatu, na alikuwa anacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Akaenda kwa mwalimu mkuu. Huyo mama alimsikiliza akiwa anapanga mafaili, kisha akamuuliza aliyerekodi ni nani. Akajibu ni yeye. Akamuuliza sasa anampinga nani. Akamwambia kwamba alama zinatolewa na simu, na watoto hawawezi kuwa na walimu wawili wanaogombana, tena walimu wenyewe ni mtu mmoja. Walimu wengine ofisini walicheka, na hao ndio anaokunywa nao chai kila siku.

Ndipo alipokuandikia ule ujumbe mrefu. Aliuandika mezani kwangu, kidole kimoja, anafuta na kuandika upya, akikueleza dakika ya ngapi ya somo, neno gani litoke na neno gani liingie. Alikuita "mwanangu" mwanzoni na "tafadhali" mwishoni. Jibu lako likaja kesho yake. Niliona kwa macho yangu, kidole gumba cha njano. Hakuna salamu, hakuna neno. Alifurahi, masikini, akadhani maana yake ni ndiyo. Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya chai alikuwa akifungua somo lile, anasikiliza mpaka pale, anafunga.

Binti wa dobi alikuwa akija hapa kwangu jioni, na baba yako alimfundisha kwa vipande vya vitambaa mpaka akaelewa kabisa. Akaenda akajibu elfu kumi kwenye simu. Nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu. Mtoto anapenda kijani, mwanangu, kama wewe ulivyopenda vyeti. Akarudia mia moja, na mtihani wa mwisho ulipokuja, wa karatasi, wa kweli, aliandika mia moja bila kusita.

Darasa zima liliandika hivyo. Swali lilikuwa la kupima sakafu na kutandika vigae, na kila kipengele kilitegemea kilichotangulia, kwa hiyo walianguka wote kwa pamoja. Wengine wamesukumwasukumwa wakapata pa kwenda. Binti wa dobi alikosa nafasi ya sekondari ya bweni kwa lile swali tu. Sasa hivi yuko kwa baba yake, mikono ndani ya povu.

Wazazi waliitwa ukumbini. Mwalimu mkuu, kujisafisha, akaunganisha simu kwenye spika kubwa ili kila mmoja asikie kosa limetoka wapi. Baba yako alikuwa amekaa safu ya mbele na tai yake. Tukaisikiliza sauti yake ikisema mia moja. Ikauliza, "Tuko pamoja?" Ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu, maana ndimo ulimokuwa unamwonyesha kidole gumba. Mzazi mmoja wa nyuma akaitikia, "Tuko pamoja, Mwalimu," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dobi hakucheka.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kulitaja jina lako mbele ya watu wote, na la kampuni yako, na kidole chako. Ndugu yangu akageuka akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama ninyi mlipokuwa mkipiga kelele darasani, nikakaa. Akasimama yeye.

"Sauti ni yangu," akasema. "Kosa ni langu. Hakuna mwingine."

Kwa hiyo umelala vizuri. Nakutajia tu ujue nani alikufunika blanketi.

Wazazi wakawaandikia ninyi kulalamika, na lo, kilichoshindikana muhula mzima kikafanyika kwa usiku mmoja. Asubuhi simu zote zilikuwa zimejisasisha. Mia moja imetoka, elfu kumi imeingia. Na baba yako naye ametoka, masomo yote, la kwanza hadi la mwisho. Mmemweka msichana mwenye sauti ya kutangaza sabuni, ambaye haulizi kama mko pamoja, anasema tu safi sana, hata kwa mtoto aliyekosa. Baba yako alikunja nyaya, akazifunga kwa kamba moja moja, akazirudisha ofisini. Hakuna aliyemwambia kitu, na wewe pia hukumwambia.

Tangu hapo maneno yamempungua. Nikimuuliza mkate au kiazi, ananyoosha kidole. Watoto getini bado wanamwigiza ile sauti ya kifaranga, ingawa haimo tena kwenye simu zao. Wameihifadhi kichwani, na hilo ndilo somo walilolishika vizuri kuliko yote.

Sasa nije kwenye ombi lako la juzi. Unasema watoto hawampendi msichana wa sabuni, hawamjibu, na alama zimeshuka. Unasema utakuja Desemba na mashine bora zaidi, nikuandalie chumba na mablanketi, nimshawishi baba arekodi upya kwa sababu mimi ananisikiliza. Ujumbe wako wa sauti ulikuwa mrefu, na sijawahi kukusikia mpole namna ile tangu ulipovunja sahani za mama yako.

Nilimfungulia ausikie. Nitakwambia ukweli, niliuharakisha kwanza. Ulilia kama kifaranga, ukisema "baba, baba, tunakuhitaji," na hapo nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule. Kisha akaniomba niupige kwa mwendo wake. Akausikiliza wote, akitazama sakafu.

Akaomba simu yangu. Unaijua, ile iliyojaa picha za magauni ya wateja mpaka haina nafasi ya kujisasisha. Ndiyo pekee mtaani ambayo bado ina masomo ya zamani. Alilitafuta lile somo la eneo bila miwani, maana kidole kimeshazoea njia. Sauti yake ikasema mia moja. Ikauliza, "Tuko pamoja?" Ikanyamaza. Aliitazama simu kama anavyotazama uso wa mwanafunzi.

"Hapana," akasema.

Akailaza kifudifudi mezani, akauliza kama kuna chai.

Basi hilo ndilo jibu lako. Mablanketi nimeyafua na nitajifunika mwenyewe. Ukija Desemba, njoo kama mtoto wa watu, mikono mitupu, masikio wazi. Kuna kigoda mbele ya kiti chake. Utakaa hapo, naye akitaka kusema atasema, na asipotaka utakaa hivyohivyo.

Msalimie mkeo, na watoto wabusu kwa niaba ya babu yao. Mlinzi wa ghala anakusalimu, na muuguzi pia. Dobi hajasema nikusalimu. Mungu akupe afya, kazi ikuendee vizuri, na watoto wako wasije wakakufanyia wewe hivyo.

Lile shati jeupe ulilosahau nyuma ya mlango wangu nimelifunga pamoja na barua hii. Lilikuwa na vumbi, nikalipeleka likafuliwe. Aliyelifua na kulipiga pasi ni yule binti. Hajui ni la nani, lakini angalia kola, hakuna hata doa. Livae kazini.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kupenda,

Shangazi Sindano