Helmeti Bila Kamera

Abaayo Halima, dada yangu, salaam kutoka Garissa. Mwambie mama apumue, niko mzima.

Jana kabla ya kupanda ndege nilikasirika kweli. Mwalimu wa parachuti aliitoa kamera kwenye helmeti yangu, akasema, "Kamba hunasa hapa, na wewe bado mgeni wa kuruka."

Nikaruka nimenuna. Parachuti ilifunguka nikiwa nimepinduka, kamba moja ikakwaruza helmeti utosini, pale pale kamera ingekuwa, ikateleza ikaenda zake.

Nilitua salama. Mama mmoja mwenye ngamia akanimiminia maziwa, akauliza, "Wallahi, wewe umetoka wapi?" Nikaonyesha juu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ile video niliyokuahidi usiingoje. Ijumaa nakuja mwenyewe, inshallah. Niwekee anjera nile na chai.

Nduguyo, Sahara