Kichwa Ulichojitolea Kinyolewe

Baba, leo unatimiza mwaka tangu utuache, na kinyozi mwenzako wa mtaa wa pili bado anaapa kwamba hajawahi kuona kinyozi mwenye kichwa kibaya kama chako. Tumemwambia ni kweli.

Vita vilipokwisha, watoto waliokuwa wamebebeshwa silaha walirudi mtaani, na watu wakawafungia milango. Wewe ukafungua kibanda chako, ukamchukua mmoja wao, binti wa miaka kumi na minne ambaye majirani walimwita Bunduki. Ukamwita Fundi tangu siku ya kwanza, kabla hajakata chochote isipokuwa sikio lako.

Wateja walitoka mbio. Nani angempa shingo yake msichana yule akiwa na wembe mkononi? Ukasema, "Basi atajifunzia kwangu." Mama akakujibu, "Baba watoto, kichwa chenyewe unacho kimoja tu, na tunakihitaji." Hukusikia la mtu. Kila Jumamosi ukakaa kwenye kiti, ukafumba macho na kukoroma. Usingizi hukuwa nao hata kidogo. Ulitaka Fundi aone kwamba mtu anaweza kusinzia mbele yake bila kuogopa.

Miezi saba ulitembea na mabaka kichwani. Kwenye harusi ya dada, mpiga picha alikuomba kwa heshima zote usimame nyuma ya maua. Ukasimama mbele, meno yote nje. Picha ipo sebuleni, na wageni huuliza uliungua na nini.

Kisha akaja mama muuza mkaa, aliyechomewa nyumba na kumpoteza mwanawe vitani. Akamtazama Fundi, akakutazama wewe, hadi jasho likakutoka. Halafu akavua kilemba, akakaa.

"Ninyoe, mwanangu," akasema. "Ila usininyoe kama huyu."

Fundi akaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Wewe ukatoka nje ukidai unatafuta ufagio, ukalia huko nyuma ya ukuta. Tulikuona, Baba.

Unakumbukwa na mkeo, wajukuu zako, na wanao watano, Fundi akiwa wa tatu kwa kuzaliwa. Karani wa gazeti aliyepokea tangazo hili ametuuliza kama hatukukosea, maana kwenye tangazo la msiba tuliandika wanne. Tumemjibu kwamba tulikosea mwaka jana.

Tutakukumbuka siku zote.