Chupi Mpya kwa Wageni wa Goma

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimechaguliwa katibu wa kamati ya misaada. Kuchaguliwa ni neno la heshima. Nilikuwa nimetoka kwenda choo — kurudi, nikapata watu wananipigia makofi. Mwenyekiti ni Mutindi. Nani mwingine?

Kazi ni kukusanyia vitu familia tano zilizotoroka vita Goma. Ziko hapa Kitengela, kwa ploti ya Mzee Meitamei karibu na barabara ya Namanga. Mzee amesema hatachukua kodi mpaka Mei. Na hata si mshirika wa kanisa letu! Sisi washirika tumetoa tangazo.

Pasta Mwololo amenikabidhi ufunguo wa stoo kama ananitawaza. Nyumbani mume wangu Wakhungu akacheka. Eti sasa niko na cheo bila mshahara, kama cha kwake cha baba mwenye nyumba.

Jumatano, 5 Machi

Baada ya shule nimeenda stoo kupanga michango. Mungu wangu! Waumini wamefungua roho, na kabati pia. Gauni la harusi lenye doa la mchuzi. Pasi bila waya. Kiatu kirefu cha kushoto. Katoni mbili za vitabu vya kurudia KCPE — mtihani wenyewe ulishakufa!

Nikamwambia Mutindi hii ni takataka. Akasema mkimbizi si mtu wa kuchagua, na nipange kwa rangi ili ipendeze kwa picha.

Tukabeba magunia mawili hadi ploti. Tulipokelewa na Kavira, mama wa watoto watatu, miaka thelathini na kitu, mgongo wima. Akachomoa kile kiatu, akakigeuza, akauliza kwa upole kabisa:

"Mama, huyu mwenye kukileta amebakia na mguu ya kuume tu? Mumupelekee pole."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mutindi hakucheka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, lakini Kiswahili cha Kavira nakifuata mbio. Batoto, bugali, aksanti. Nimeelewa hivi: walikimbia kijiji chao kwanza, wakakaa kambini nje ya Goma miaka miwili. Januari wakakimbia kambi nayo. Na huko kambini, yeye ndiye alikuwa anagawia watu misaada! Yaani tumemletea mtaalamu kiatu kimoja.

"Kwanza munauliza watu," akasema. "Kisha munaleta."

Akaomba biro yangu, akazunguka vyumba vyote vitano, akarudi na orodha. Sufuria yenye kifuniko. Sabuni. Mswaki. Pedi. Chupi mpya. Hiyo "mpya" amepiga mstari chini mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimeaibika. Hapana — sijaaibika.

Kabla ya ibada nilionyesha pasta orodha. Akasoma, akakunja, akaniomba nikifika namba nne na tano niseme tu "mahitaji ya kibinafsi". Mutindi naye akataka "vitu vya akina mama". Nikakubali zote mbili.

Nikasimama mbele. Sufuria, sabuni, mswaki, sawa. Halafu nikaona wazee wa mstari wa kwanza wanapiga miayo, na nikajua kabisa mahitaji ya kibinafsi yatatuletea pasi nyingine bila waya. Nikasema:

"Na tunaomba pedi. Na chupi mpya. Za wanawake, za wanaume, za watoto. Mpya!"

Sauti ya mtoto, nyuma kule: "Mama, mwalimu amesema chupi!"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Pasta akakohoa ndani ya maikrofoni. Wakhungu alikuwa ameficha uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatetemeka. Mutindi hajanisalimia tangu hapo.

Jumanne, 11 Machi

Saa nne, ofisi ya walimu. Anaingia Oyoo, fundi wa pikipiki, na mikono ya grisi na boksi chini ya kwapa. "Mwalimu, nimeleta zile chupi zako." Mbele ya hedimasta!

Dazeni mbili za boksa, na lebo zake. Akasema ni mara ya kwanza kanisa kuomba kitu anachokielewa.

Kufikia jioni stoo ilikuwa haifungiki. Sabuni kwa katoni. Pedi. Sufuria ishirini, zote na vifuniko! Meitamei akaleta pikapu yake. "Sopa, mwalimu!" akanisalimia kwa Kimaasai. "Epa!" Tukapakia.

Kavira aligawa kwa dakika arobaini tu, hakuna aliyesukumana. Anaita jina, anapeana, anaita lingine. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama.

Tulipomaliza akanivuta kando. Binti yake Masika ana miaka kumi na tatu. Kila mwezi analala ndani siku nne, tano, amejifunika kanga, kwa sababu hana cha kuvaa wala cha kuweka. Ndiyo maana nilipomwambia juzi amlete shule alinijibu "tutaona". Leo amesema, "Kesho atakuya."



Alhamisi, 13 Machi

Masika yuko shuleni siku ya pili. Hesabu anazichapa. Wale wangu wa mstari wa nyuma wameanza kukaa wima.

Asubuhi lori limeleta blanketi thelathini na unga kutoka kampuni fulani ya Nairobi. Mvua imeanza, sakafu za ploti ni baridi, na mtoto mdogo wa Kavira anakohoa kama mzee. Nikatafuta ufunguo nigawe leo leo.

Mutindi: hapana! Mgeni kutoka kampuni anakuja Jumamosi. Kuna bango. Familia zitasimama mbele yake, kila mama na blanketi yake, na picha ziende Facebook siku hiyo hiyo.

Nikampelekea Kavira habari. Akaacha kufua.

"Picha hapana."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Mume wake alibaki, amejificha, hatasema wapi. Walipofika Kampala kuna watu wazuri waliwapa mchele, wakawapiga picha, wakaiweka kwa mtandao. Haikuisha wiki.

"Watu ya bunduki walienda kwa mama mukwe wangu, ile picha iko ndani ya telefone yao. Wakamuuliza, hawa batoto baba yao iko wapi?"

Mchele ulikuwa kilo tano.

Nikarudi kwa Mutindi na pasta, nikasema yote. Mutindi akafikiri kidogo — namkubalia hilo, alifikiri. Halafu: "Basi wasimame wakiangalia chini. Bila picha, mgeni hataleta tena. Umefikiria watakula nini mwezi ujao, Mama Sheryl, ama unafikiria leo tu?"

Si swali la kijinga. Linaniudhi kwa sababu si la kijinga.

Pasta akasema tuliombee jambo hili. Maana yake anamwogopa Mutindi. Mimi pia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegawa.

Saa kumi, Meitamei na pikapu, Kavira na majina. Stoo imebaki ufagio.

Jumamosi, 15 Machi

Mgeni amekuja. Msichana mdogo, viatu vyeupe, matope yetu yakamkaribisha. Mutindi akachukua ufunguo kwangu, akafungua stoo kwa madaha — ufagio. Wakanigeukia wote. Nikasema familia zimepata, na hazipendi kupigwa picha, na kwa nini. Msichana akaandika kitu kwa simu, akasema asante, akaingia gari. Hakukasirika. Hakufurahi. Sijui tumepoteza chakula cha mwezi ujao ama la. Sijalala mchana wala kula.

Jumapili, 16 Machi

Kikao baada ya ibada. Ajenda ni mimi. Na kwa vile katibu ni mimi, wamenipa kalamu niandike kesi yangu mwenyewe! Naandika hapa, wanadhani ni kumbukumbu za kikao.

Mutindi amesema nimevunja kanuni. Kweli. Amesema nimeaibisha kanisa mara mbili kwa wiki moja. Pia kweli. Mzee mmoja ameuliza kama chupi imo kwa hizo mara mbili. Imo.

Mlango umefunguliwa — Kavira! Hakuna aliyemwita. Masika yuko nyuma yake.

"Mwenye kumuuliza mama mwalimu, aniulize na mimi. Mimi ndiye nilisoma majina."

Pasta anamtafutia kiti. Mutindi ameinua simu. Sijui kama anapiga picha ama anaangalia saa. Kavira ameiona. Hajakaa. Amechukua kapu la sadaka kutoka mezani.

"Telefone humu. Kisha tunaongea."

Anazunguka nalo. Pasta ameweka yake kwanza, haraka, kama amengoja kuambiwa. Wazee wote wanne. Yangu.

Sasa kapu liko mbele ya Mutindi. Ameshika simu kwa mikono miwili kifuani. Anamwangalia Kavira, anamwangalia Masika na sare yake ya shule, anamwangalia pasta. Pasta anaangalia sakafu.

Kavira amelisogeza kapu karibu zaidi. Hajaliondoa.